Alama za Kinyozi

Asubuhi ile Mama Nywila alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga kwa sababu ya vumbi, akakaa tena na kuandika jina lake na nywila yake kwenye kompyuta. Ukurasa ukasitasita, ukageuka mweupe, kisha ukamrudisha pale pale alipoanzia: jina lako nani, nywila yako nini. Haukumwambia amekosea. Angeambiwa amekosea, angalau angepata wa kugombana naye.

Jina la Mama Nywila alipewa na wauguzi wa hospitali ile, kwa kuwa hakuna siku aliyopita wodini bila kuuliza, "Nywila yako umeibadilisha?" Wapo waliokuwa wakisikia viatu vyake wanabandua vikaratasi kwenye skrini zao na kuvitia mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutunza hifadhidata, yaani ghala lote la habari za wagonjwa: majina, vipimo, dawa, foleni. Ghala lenyewe lilikaa kwenye seva ya hospitali, mwisho wa ukumbi, katika chumba kilichokuwa zamani cha mafagio. Yeye aliliingia kwa ukurasa mmoja wa kivinjari ambao ofisini waliuita jikoni, maana waliokula hawakuhitaji kujua yanayotendeka mle.

Leo jikoni kulikuwa kumefungwa, na aliyesababisha kufungwa ni yeye mwenyewe.

Zamani kila programu ya hospitali ilikuwa na mlango wake: maabara wake, duka la dawa wake, jikoni wake. Milango mingi, hatari nyingi. Kwa miezi Mama Nywila alimsumbua mwenzake, fundi wa mtandao, aweke proksi, programu moja ya kukaa mbele ya nyingine zote, impokee kila mgeni kwa njia ya kufuli, ile iliyofungwa wengine wasichungulie, ipeleke maombi yake ndani na kumrudishia majibu. Fundi huyo alikuwa mrefu, mpole, mtu wa neno moja kwa kila pumzi, na watu walimwita Taratibu. Yeye proksi aliiita bawabu. "Nitaweka, dada," alikuwa akijibu. "Bawabu nitaweka." Hakuweka. Basi siku ya siku, mtu ambaye hajawahi kuwahi hata chai yake, alifika kazini alfajiri, akamweka bawabu mlangoni, akaifunga milango yote ya zamani, akaenda zake kwenye jengo la pili kutengeneza nyaya. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Siku nyingine yoyote Mama Nywila angepiga vigelegele. Leo alitaka kuingia jikoni kabla ya saa sita mchana, na sababu yake haikuwa ya kumwambia mtu.

Jana yake alasiri aliiba. Hakuna neno jingine, na yeye mwenyewe hakulitafuta. Kitengo cha kusafisha damu kilikuwa na viti vichache, kila kiti na mashine yake, na mgonjwa mmoja alikuwa amehamia mji mwingine, kiti chake kikabaki wazi. Waliokitaka walikuwa wengi. Hospitali haikuchagua kwa sura wala kwa kujuana: kila mgonjwa alikuwa na alama za uhitaji, zilizohesabiwa kutokana na vipimo vyake, na leo saa sita kamili mfumo wenyewe ungefunga foleni, umchukue mwenye alama za juu, umtumie ujumbe aje akalie kiti. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mshonaji, alama sabini. Mdogo wake Mama Nywila, kinyozi, alikuwa na sitini na moja.

Huyo Kinyozi alikuwa akisafishwa damu katika mji wa mbali. Siku za kusafishwa alitoka alfajiri kwa basi, akarudi jioni, na siku inayofuata hakuweza kushika hata kitana. Wiki iliyopita alianguka kituoni, abiria wakamruka wakidhani amelewa. Mama yao hakusema "iba." Mama yao alisema tu kwa simu, "Mwanangu, wewe si ndiye unayeshika mambo yote hapo? Damu ni nzito kuliko maji." Akakata simu akalia, au alilia kwanza ndipo akakata. Mama Nywila akaingia jikoni, akatafuta jina la mdogo wake, akafuta sitini na moja akaandika sabini na tano. Ilikuwa rahisi kuliko kubadilisha nywila.

Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililokuja kumuudhi baadaye. Asubuhi, akipita ukumbini na kikombe chake, alimkuta mama mmoja aliyevimba miguu, amekaa benchi na sindano mkononi, anashona pazia la wodi lililochanika. Hakuna aliyemtuma. Aliliona limechanika, akaomba sindano.

"Mwanangu," mama yule alimwita, "wewe si yule wa kompyuta? Hebu niangalizie simu hii. Isije ikaita nisisikie. Sista aliniambia wiki iliyopita mimi ndiye wa kwanza, leo mchana wananiita."

Mama Nywila aliishika simu ile. Akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Unasafishwa wapi kwa sasa, mama?"

"Huko mbali. Natakiwa niende mara mbili kwa wiki, naenda mara moja. Nani wa kunipeleka? Wanangu wana kazi." Akauma uzi kwa meno. "Nikipata hapa, nitakuja hata kwa kutambaa."

Mama Nywila aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alirudi ofisini karibu anakimbia, chai ikimmwagikia vidole, akakaa mbele ya kompyuta kurudisha alama za mdogo wake zilivyokuwa. Hapo ndipo alipokutana na bawabu.

Mwanzoni hata ukurasa wa kuingilia haukufunguka. Alipofungua anwani mpya ya jikoni, aliambiwa ukurasa huo haupo. Hilo alilielewa upesi. Bawabu aliipa kila programu jina la njia, na jikoni lilikuwa ndani ya njia yake kama chumba ndani ya jengo. Lakini jikoni lenyewe lilikuwa bado linajiona nyumba ya peke yake, na kila mgeni lilimwelekeza kwenye mlango wa barabarani usiokuwepo tena. Mipangilio ya jikoni Mama Nywila alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Akaliambia lilipohamia, akaliwasha upya, ukurasa wa kuingilia ukatokea. Akashukuru Mungu kwa sauti, mapema mno.

Maana sasa aliandika jina na nywila, na jikoni likampokea, kisha likamsahau papo hapo. Ingia, jina lako nani? Ingia, jina lako nani? Alifuta kumbukumbu za kivinjari. Akajaribu kivinjari kingine. Akajaribu kwa simu yake, akakosea nywila kweli kweli, yeye wa kuwahubiria watu nywila. Akaipiga meza kofi. Feni ikageuza shingo kumwangalia, ikaendelea na mambo yake.

Njia nyingine haikuwepo. Kuingia moja kwa moja kwenye seva yeye ndiye aliyekukataza, kwa sheria aliyoiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani: hakuna kugusa hifadhidata ila kupitia jikoni, kila mtu kwa jina lake, ili kila badiliko lijulikane ni la nani. Ufunguo wa dharura ulikuwa kwenye sefu ya mkurugenzi, na mkurugenzi angeuliza dharura gani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Simu ikaita. Mama.

"Vipi, mwanangu? Wameshaita?"

"Bado, mama. Mpaka saa sita."

"Nimemwambia mdogo wako avae shati safi."

"Mama, usimwambie kitu!"

"Mbona unanikaripia?"

"Sikukaripii. Niko kazini."

"Haya. Mimi nimekaa karibu na simu." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwekea mwenzake kitu mkononi, "Mungu akubariki kwa unachofanya."

Alikata simu akajiona amekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Hakuweza kukaa. Akaenda kitengo cha kusafisha damu, akijidanganya kwamba anakwenda kukagua kompyuta zao. Sista wa zamu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikuwa akitandika kiti kile kilichobaki wazi. Alikivutavuta shuka mpaka pembe zikakaa sawa.

"Naona foleni imebadilika," Sista alisema bila kugeuka. "Mshonaji amekuwa wa pili. Sijui nimwambieje, na mimi ndiye niliyemtia moyo."

"Wa kwanza nani?" aliuliza Mama Nywila, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Kijana mmoja kinyozi." Kwenye skrini ya wauguzi alama hazikuonekana, ila majina tu kwa mpangilio wake, na jina la mdogo wake lilikuwa juu kabisa. "Ndivyo mambo yanavyokwenda. Mfumo hauonei mtu."

Mama Nywila aliliangalia jina lile likimwangalia. Angeweza kusema pale pale. Kinywa alikifungua. Badala yake akauliza, "Nywila yako umeibadilisha?" Sista akacheka, na yeye akatoka nje mbio, akijitukana.

Njiani alifikiri, maana mtu akitembea haraka huwa anafikiri haraka pia, si lazima vizuri. Jikoni lilikuwa linampokea. Kwa hiyo nywila haina tatizo. Linamsahau. Kwa hiyo tatizo ni kuki, ile alama ndogo ya utambulisho ambayo programu humpa mgeni akishaingia, na kivinjari chake huionyesha kila mara asiulizwe tena. Na kuki ya jikoni, kwa amri yake yeye mwenyewe, ilitolewa tu kwa mgeni aliyekuja kwa njia ya kufuli. Sasa wageni wote wanakuja kwa njia ya kufuli, lakini wanaishia kwa bawabu. Bawabu anafungua kufuli, anachukua maombi, anayapeleka ndani kwa mkono mtupu. Jikoni linaona ombi halina kufuli, linakataa kutoa kuki. Hakuna aliyeliambia kwamba mgeni huyu kule mlangoni alikuja salama.

Alisimama katikati ya ua akapiga makofi mara moja. Mtunza bustani akamtazama. Dawa ilikuwa mistari miwili tu, ya kumfundisha bawabu kusema: mgeni huyu kaja kwa kufuli, na anwani aliyoiomba ni hii. Lakini mistari hiyo iliandikwa kwa bawabu, na funguo za bawabu zilikuwa za Taratibu peke yake. Hilo nalo alikuwa amelipendekeza yeye.

Alimkuta Taratibu juu ya ngazi, nyaya zimemzunguka shingo.

"Shuka."

"Salama, dada?"

"Bawabu wako haliambii jikoni mgeni kaja kwa njia gani. Ongeza mistari miwili. Sasa hivi."

Taratibu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kuanzia mwanzo wa jambo, hata kama wewe uko mwisho wake. "Ni kweli," akasema hatimaye. "Nimesahau. Nitaongeza jioni, watu wakishatoka. Nikimwasha upya bawabu sasa, maabara na duka la dawa watakatika."

"Watakatika kwa muda wa kupiga chafya."

"Hata chafya, dada. Wewe ndiye uliyesema mabadiliko yote yafanywe jioni."

Alikuwa amesema. Alikuwa amesema mambo mengi sana katika hospitali ile, na leo yote yalikuwa yamejipanga njiani yakimsubiri. Saa ya ukutani ilikaribia sita. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Mama Nywila, aliyekuwa amejifunika tangu asubuhi, akajifunua.

"Jana niliongeza alama za mdogo wangu," alisema. "Kwenye foleni ya kiti. Niliandika kwa mkono wangu. Nataka kuzirudisha kabla foleni haijafungwa, na siwezi kuingia."

Taratibu alishuka ngazi, safari hii kwa kasi. Hakumwangalia usoni, na kwa kutomwangalia alimhurumia kuliko angemwangalia. Walikwenda ofisini, mmoja mbele mwingine nyuma, akavuta kiti cha pili, akafungua mipangilio ya bawabu, akaandika mistari ile pole pole, akaisoma kwa midomo, akarudia.

"Harakisha, kaka, nakuomba."

"Nikikosea nukta moja, hospitali nzima inazimika."

Wakati yeye anasoma, Mama Nywila hakuvumilia kukaa mikono mitupu. Kwenye kompyuta yake aliandika amri tayari, kamili, pa kukosea pasiwepo: kwa mgonjwa huyu, alama ziwe sitini na moja. Akainakili, kidole kikiwa juu ya kitufe. Akabaki hivyo, kama mtu aliyeinua jiwe akisubiri nyoka atoke.

"Tayari," alisema Taratibu.

Jina, nywila. Ukurasa ukasitasita, na jikoni likafunguka lote, majedwali yake yote mahali pake. Alibandika amri akaibonyeza kabla hata hajashusha pumzi. Badiliko limefanyika, jikoni likasema. Mama Nywila aliegemea kiti, machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, miguu yake ikatulia.

"Dada," alisema Taratibu. Alikuwa akitazama chini ya ukurasa, pale jikoni linapoonyesha kila badiliko: kabla ilikuwa nini, sasa ni nini, nani kabadilisha. "Jana uliandika ngapi?"

"Sabini na tano."

"Hapa panasema ulichofuta ni sabini na tatu."

Alijifuta macho akasoma. Ilikuwa kweli. Sabini na tano yake haikuwepo. Ilikuwa imeshafutwa asubuhi na mapema, na aliyeifuta hakuwa mtu. Ilikuwa ni maabara. Damu ya mdogo wake iliyochukuliwa juzi kule mji wa mbali ilikuwa imesomwa, majibu yakafika, mfumo ukahesabu upya kama unavyofanya kila siku, na daktari akathibitisha. Hali ya Kinyozi ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Sabini na tatu zilikuwa zake. Jina lile aliloliona juu kabisa kwenye skrini ya wauguzi lilikuwa limekaa pale kwa haki, na yeye, kwa pupa ya kutubu, alikuwa amelishusha sasa hivi bila kuangalia.

Kila anayefanya kazi ile hufundishwa siku ya kwanza: kabla ya kuandika, soma kilichopo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha.

"Rudisha," alisema Taratibu. "Andika sabini na tatu. Muda upo, kidogo."

Mama Nywila aliweka vidole kwenye herufi. Jana mkono ule ule uliandika uongo bila kutetemeka. Leo ulitakiwa kuandika kweli, ukakataa. Mara ya tatu kwa siku mbili, jina lake, alama za ndugu yake, kupandisha tena. Nani angeamini? Yeye mwenyewe hakujiamini. Alisoma namba ile mara moja zaidi na hakuwa na hakika tena kama anaiona kwa sababu ipo au kwa sababu anaitaka.

"Andika wewe," alisema.

"Kwa jina lako?" Taratibu alionyesha ukutani, ile karatasi ya sheria. Hakuwa anamsuta. "Mimi sina jina jikoni, dada."

"Basi daktari. Daktari ndiye aandike."

Alikimbia. Alipanda ngazi mbili mbili, kitambaa cha kichwa kikimporomokea begani, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa wodi. Daktari alikuwa nyuma ya pazia na mgonjwa, na kwa pazia mtu haingii. Aliita. Daktari akasema, "Subiri." Akasubiri, akiruka mguu huu na mguu huu kama mtoto aliyebanwa, akasikia daktari akimwambia mgonjwa avute pumzi, aishike, aiachie, avute tena. Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Kila siku kengele ile hulia saa sita.

Daktari alipotoka, alimweleza yote pale pale mlangoni, bila kupamba na bila kujitetea. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye mvi za masharubu, naye alimsikiliza akifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Majibu ya kijana yule niliyathibitisha mimi asubuhi," alisema. "Yalikuwa sahihi."

"Kwa hiyo alikuwa wa kwanza."

"Alikuwa wa kwanza."

"Basi rekebisha, Daktari. Wewe unaweza. Mimi nifukuzeni, nifungeni, lakini yeye hakufanya kosa."

"Na mshonaji yeye alifanya kosa gani?" Daktari alimwonyesha kwa kidevu. Mwisho wa ukumbi, mlango wa kitengo ulikuwa wazi, na mama yule alikuwa amesimama juu ya mizani akipimwa uzito, viatu mkononi, akicheka na Sista. "Ameshaitwa. Siwezi kwenda kumwambia avae viatu." Akamgeukia. "Ndugu yako atakuwa wa kwanza kiti kingine kikipatikana. Lini, sijui. Funguo zako zote mkabidhi mwenzako. Mkurugenzi nitamwandikia mimi."

Mama Nywila alikubali kwa kichwa. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, mama akipiga, na safari hii alimjibu. "Hakupata," alisema. "Nitakueleza. Siyo kosa la hospitali, mama. Ni langu." Akakata kabla mama hajauliza.

Kibanda cha Kinyozi kilikuwa na kioo kimoja kirefu na kiti kimoja cha wateja. Siku hizi kiti kile alikikalia yeye mwenyewe, wateja wakisubiri nguvu zimrudie. Mchana ule hakukuwa na mteja. Alikuwa amevaa shati safi, limepigwa pasi. Alimwona dada yake kwenye kioo kabla hajaingia.

"Mama kasema leo kuna habari," alisema. "Kakataa kuniambia habari gani. Kasema tu nivae shati."

Mama Nywila alisimama nyuma ya kiti akamweleza kwa kioo, maana ana kwa ana asingeweza. Alimwambia ya jana. Alimwambia ya leo. Hakuruka kitu, hata ile amri aliyoiandika mapema ikae tayari, hata mkono uliokataa. Kinyozi alikuwa ameshika mashine ya kunyolea, akiizungusha mikononi. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho.

"Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza," alisema.

"Ulikuwa wa kwanza."

"Kwa haki? Siyo zile zako?"

"Kwa haki."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa jambo ambalo halimsaidii.

"Na huyo mama, ameshakaa?"

"Ameshakaa."

"Basi mwache akae." Aliweka mashine chini. "Dada, jana uliposhika alama zangu, uliniuliza?"

"Hapana."

"Na leo ulipozishika?"

"Hapana."

"Mara mbili unanisaidia, na mara zote mbili naletewa habari nikiwa nimekaa hapa." Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa afadhali. "Mimi ni mgonjwa wa figo, dada. Kinywa changu ni kizima. Ungeniuliza jana, ningekukataza. Ungeniuliza leo, ningekwambia nimepigiwa asubuhi na wale wa mji wa mbali, wakaniambia damu yangu imeharibika zaidi. Nilijua. Mbona nilijua!"

Mama Nywila alishika mgongo wa kiti. Simu yake ilikuwa mkononi siku nzima. Alimjibu mama, alimgombeza mama, na nambari ya mdogo wake hata hakuifikiria. "Nisamehe," alisema, na neno likatoka dogo sana.

Kinyozi alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wakipita na mchana wao.

"Kesho basi langu ni la alfajiri," alisema baadaye.

"Nitakusindikiza. Nitakubebea mkoba."

"Na kazi?"

"Sina funguo tena."

Alimwangalia kwenye kioo kwa muda, dada yake mkubwa, kitambaa begani, nywele zimesimama.

"Umeanza tena," alisema. "Niulize kwanza."

Mama Nywila alizunguka kiti, akapiga magoti mbele yake sakafuni, juu ya nywele za wateja zisizofagiwa, akamtazama usoni pasipo kioo.

"Mdogo wangu, unataka nikusindikize kesho?"

Kinyozi alifikiri. Alifikiri kweli, wala hakumhurumia kwa kuharakisha, na dada yake akabaki magotini pale pale akisubiri, asijue atajibiwa nini.

"Sijui," alisema Kinyozi. "Nitakuambia jioni."